Kijana wa Kayenze, Doc Watson na mshipi wa kuvulia samaki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nalea mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13, tuko Kayenze. Haoni tangu akiwa mchanga. Anapiga gitaa la galoni, anapiga ngoma na filimbi, na harmonika aliyopewa na mgeni haimtoki mdomoni. Ndugu wanasema nimpeleke mjini akae kivukoni apige, watu watamwonea huruma, tutapata hela ya unga. Mjomba wake alitusikilizisha kwenye simu mzungu anaitwa Doc Watson, akasema naye alikuwa haoni na alipiga vyombo vingi hivyo hivyo. Ni kweli? Alifikaje huko? Na huyu wangu nimwanzishie wapi? Nyuzi nazo zinakatika kila siku, tunafunga mshipi wa kuvulia.

Jibu:

Marahaba, mama. Mjomba hakukudanganya. Doc Watson alikuwa haoni. Alipiga gitaa, banjo, harmonika na mandolini, aliimba, alilea watoto wawili, akafariki akiwa na miaka 89 huku bado anapanda jukwaani. Nimemsikiliza tangu enzi za kanda, na katika miaka niliyofundisha gitaa hapa Mwanza, kila nilipoletewa mwanafunzi asiyeona nimerudi kwake. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, uvumilie.

Nianze na hilo la kivukoni, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Usimpeleke. Kupiga muziki barabarani si aibu, na Doc mwenyewe alipiga barabarani, nitakusimulia. Shida ni kile anachopelekwa kuuza. Akienda kuuza muziki, siku akipiga vizuri atapata zaidi, na kesho atataka wimbo mpya. Akienda kuuza macho yake, hatahitaji wimbo wa pili, kwa sababu huruma hailipi zaidi kwa wimbo mzuri. Mtoto anaweza kukaa pale miaka 20 na nyimbo zile zile tatu.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kushiriki kosa hilo. Miaka mingi iliyopita nilifundisha kwaya moja, sitaitaja, iliyokuwa na kijana asiyeona. Kila tulipoalikwa tulimweka kiti cha mbele, na miwani myeusi tuliyomnunulia sisi. Watu walitokwa machozi, kapu la sadaka likajaa. Alikuja kwetu na nyimbo tatu, akaondoka baada ya miaka minne na hizo hizo tatu. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wake. Sikumfundisha, kwa sababu hakuna mtu aliyedai kusikia zaidi. Hadi leo jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nataka umsikie vizuri baba yake Doc kabla hujamsikia Doc mwenyewe.

Doc alizaliwa tarehe 3 Machi 1923 sehemu inayoitwa Deep Gap, katika milima ya Appalachia, jimbo la North Carolina huko Marekani. Jina alilopewa na wazazi ni Arthel Lane Watson. Alikuwa mtoto wa sita kati ya tisa, na nyumba ilikuwa ya wakulima wasio na kitu. Kabla hajatimiza mwaka mmoja alipata maambukizi ya macho, akapoteza uwezo wa kuona moja kwa moja. (Hapa nikukatize, mama: huyu wako amewahi kupimwa macho hospitali? Hukuandika. Kuna upofu usiotibika, kama ule wa Doc, na kuna mtoto wa jicho, ambao mara nyingi daktari anaweza kuuondoa hata kwa mtoto. Kabla ya gitaa na kabla ya mimi, mpeleke hospitali ya Bugando wamwangalie, hata kama kijijini wamekwisha kusema basi.)

Baba yake aliitwa General Watson. Hilo General ni jina tu, hakuwa na cheo cha jeshi. Kanisani kwao ndiye aliyeongoza nyimbo, na nyumbani walikuwa na gramafoni na sahani za santuri, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya sauti. Kila Krismasi baba alimnunulia harmonika mpya, kwa kuwa ya mwaka jana ilikuwa imekwisha kufa kwa kupulizwa. Ukisema ya kwako haimtoki mdomoni, namfikiria huyo.

Halafu, Doc alipokuwa na miaka 11, baba akamtengenezea banjo kwa mikono yake. Banjo, mama, huenda huijui kwa jina. Ni ala ya nyuzi yenye kichwa kilichowambwa ngozi kama ngoma. Ya baba Watson ilikosa zile chuma ndogo za kuonyesha mahali pa kubana uzi, na ngozi yake ilikuwa ya paka wa bibi. Usishangae: huku kwetu ziwani, upande wa Uganda, ngoma ndefu huwambwa ngozi ya kenge, na inalia vizuri kuliko ya ng'ombe kwa kazi ile. Watu hutumia mnyama waliye naye. Tena banjo haikuzaliwa Marekani. Mbegu yake ilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi, ambako Wajola wa Senegali na Gambia bado wanapiga ala ya kibuyu, ngozi na mpini mrefu iitwayo akonting. Kwa hiyo kijana wako akisikia banjo ya Doc na mwili ukamsisimka, hajaazima kitu cha watu.

Alipompa ile banjo, baba alimwambia ajifunze kuipiga sawasawa, kwani huenda ikamsaidia kupita duniani. Hakusema itamfariji, wala kwamba watu watamsikitikia akiipiga. Alimkabidhi kama vile mtu wa Kayenze anavyomkabidhi mtoto kasia.

Lakini kitu ambacho Doc alikitaja maisha yake yote, kuliko hata banjo, ni msumeno. Alipofika miaka 14 hivi, baba alimshikisha upande mmoja wa msumeno mrefu, ule wa wapasua mbao, mmoja huku mmoja kule. Akamfundisha kuvuta. Fikiria baba mwenye mtoto asiyeona anamweka kwenye meno ya chuma yanayokata gogo! Majirani nadhani walisema mengi. Doc alieleza baadaye kwamba siku zile ndipo alipojua kuwa kutoona hakumfanyi kuwa mtu asiyejiweza. Na mimi, nikisikiliza mkono wake wa kulia kwenye gitaa, ule mwendo wa kwenda na kurudi usiochoka wala kuyumba, huwa nasikia msumeno. Hayo ni mawazo yangu, lakini sikiliza nawe utaniambia.

Gitaa lenyewe lilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Alikuwa amesomeshwa shule ya wasioona huko Raleigh, mbali na kwao, na mwenzake mmoja huko alimwonyesha kodi chache, yaani namna ya kubana nyuzi kadhaa zilie pamoja. Aliporudi nyumbani akawa anagusagusa gitaa la kuazima. Baba akamsikia, akamwambia: ukiweza kupiga wimbo mzima kabla sijarudi kazini jioni, Jumamosi tunakwenda kununua lako. Baba hakujua kwamba mtoto tayari ana kodi mkononi. Jioni wimbo ukawepo, na gitaa la dola 12 likanunuliwa. La pili, zuri kidogo, alilipata kwa jasho: yeye na kaka yake walikata miti iliyokauka pembeni mwa shamba, wakauza kuni zile kwa kiwanda cha ngozi, wakaagiza gitaa kwa posta. Ule msumeno ulikuwa umeanza kulipa.

Sasa barabarani. Akiwa kijana alikaa kwenye kona za mji wa Boone na kupiga, watu wakidondosha sarafu. Ndiyo, kama hapo kivukoni. Ila alikwenda akiwa na nyimbo nyingi, alikwenda akijua kukata kuni, na alirudi nyumbani akiwa na kazi nyingine. Alijifunza kutuni piano na kazi hiyo ilisaidia kulisha familia. Mwaka 1947 alimwoa Rosa Lee Carlton, binti wa mpiga fidla Gaither Carlton, na kwa mkwe huyo alijizolea nyimbo za kale ambazo hazikuwa kwenye sahani wala redio. Walipata mtoto wa kiume, Merle, mwaka 1949, na wa kike, Nancy, mwaka 1951. Jina la Doc lenyewe lilimpata kwenye matangazo ya redio: mtangazaji alilalamika kwamba Arthel ni jina gumu, mtu mmoja kwenye hadhira akapaza sauti, mwiteni Doc! Likaganda.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi kama mwalimu. Mwaka 1953 alijiunga na bendi ya dansi ya kule kwao, akipiga gitaa la umeme. Bendi haikuwa na mpiga fidla, na watu walikuja kucheza ngoma ambazo kwa desturi huongozwa na fidla. Kwa hiyo kiongozi akamwambia Doc azipige kwenye gitaa. Mama, sijui kama unaona ugumu wake. Upinde wa fidla unakwenda na kurudi juu ya uzi bila kuondoka, noti zinamiminika kama maji. Gitaa kila noti lazima uichokoe peke yake. Doc alichukua kile kipande cha plastiki cha kuchokolea, akafundisha mkono: chini, juu, chini, juu, noti moja kila mwendo, kwa kasi ya fidla, bila kuruka hata moja. Kabla yake gitaa katika muziki ule lilikuwa la kupiga rizimu nyuma ya waimbaji, na wachache sana walilitoa mbele. Baada yake wapiga gitaa wa Marekani waliketi upya kujifunza. Na chanzo chake kilikuwa upungufu wa mtu mmoja kwenye bendi ya mtaani.

Ndiyo maana ukiniuliza kwa nini alipiga vyombo vingi, sitakwambia kipaji. Harmonika ni kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Banjo ni kwa sababu baba alikuwa na mbao na ngozi. Gitaa ni kwa sababu lilikuwa karibu mkononi siku ile, na fidla za kwenye gitaa ni kwa sababu mpiga fidla alikosekana. Kila chombo kiliingia kwa mlango wa haja, na kila alipoingia alikaa mpaka akajua.

Mwaka 1960 akiwa na miaka 37, mtafiti wa muziki aitwaye Ralph Rinzler alikuja kutoka mjini kumrekodi mzee mmoja mwimbaji, Clarence Ashley. Doc aliitwa kusaidia. Akaja na gitaa la umeme, maana ndilo pekee alilokuwa nalo. Rinzler hakulitaka, alitafuta muziki wa kale. Ilikuwa karibu mambo yaishie hapo. Kesho yake walikuwa kwenye gari la wazi, Rinzler nyuma akipiga banjo. Doc alikuwa mbele. Gari liliposimama akashuka, akapanda nyuma, akaomba banjo, akapiga. Rinzler akagundua kwamba mtu wa gitaa la umeme ana milima yote ya kwao ndani ya vidole. Angekuwa amejifunza chombo kimoja tu, siku ile angerudi nyumbani na gitaa lake.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka: New York mwaka 1961, tamasha kubwa la Newport mwaka 1963, albamu yake ya kwanza peke yake mwaka 1964. Baadaye tuzo 7 za Grammy, na nyingine ya heshima ya maisha mwaka 2004. Mwaka 1997 Rais Clinton alimpa nishani ya taifa ya sanaa. Ni mengi, lakini hayakusaidii wewe.

Litakalokusaidia ni hili la safari. Miaka ile ya mwanzo mara nyingi Doc alipanda basi peke yake kutoka milimani hadi New York, akibadilisha magari stendi hadi stendi, akitegemea watu asiowajua wamwonyeshe mlango. Muziki ulimtosha, upweke ulikaribia kumshinda. Kisha mwaka 1964 alirudi nyumbani kutoka safarini akamkuta Merle, miaka 15, anapiga gitaa. Mama yake ndiye aliyemwanzisha wakati baba hayupo. Kuanzia hapo Merle akawa mwenzake wa jukwaa, dereva na msimamizi wa hesabu, kwa miaka 20 na zaidi. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia habari za msanii asiyeona humwacha peke yake kwenye hadithi, kama vile alitembea hewani. Hakuna. Kulikuwa na baba mwenye msumeno, mke aliyeshikilia nyumba na kumfundisha mtoto, na mtoto aliyeshika usukani. Kijana wako atahitaji mtu. Anza kumtafuta sasa, binamu au rafiki wa rika lake, ajifunze chombo pamoja naye. Akijifunza, atakuwa mshirika kazini, na hakuna atakayemwona kama mzigo anaoburuta.

Tarehe 23 Oktoba 1985 Merle alikufa, trekta ilimpindukia. Doc aliamua kuacha. Alisimulia kwamba usiku wa kuamkia mazishi aliota yuko gizani anazama, na mkono wa Merle ukamvuta, akiambiwa aendelee. Akaendelea, miaka 26 mingine. Mwaka 1988 lilianzishwa tamasha kwa jina la Merle katika mji wa Wilkesboro, na linafanyika hadi sasa.

Mwaka 2011 mji wa Boone ulimchongea sanamu ya shaba, ameketi na gitaa lake, kwenye ile ile kona aliyokuwa akidondoshewa sarafu. Waliomba ruhusa yake. Alikubali kwa sharti la maandishi: iandikwe tu kwamba ni mmoja wa watu. Alifariki tarehe 29 Mei 2012.

Sasa turudi Kayenze.

Watakwambia Mungu akinyima macho huongeza masikio. Wanasema kwa nia njema, na ni kweli kwamba mtoto aliyekua bila kuona huyatumia masikio kwa bidii ambayo sisi wengine hatujawahi kuhitaji. Lakini ukimwachia maneno hayo, ataamini kwamba muziki unakuja wenyewe, na siku noti itakapokataa atadhani Mungu amemsahau. Mwambie ukweli: anajua kwa sababu amerudia. Na umdai. Akipiga wimbo, muulize, je, huo wa jana umeufikisha wapi? Mpe na kazi za nyumbani, zote anazopewa mtoto wa miaka 13 pwani ya ziwa: kuchota maji, kuanua dagaa, kufunga kamba. Mikono inayojua fundo inajua uzi.

Ukimtafutia mwalimu, angalia anavyofundisha. Mwalimu asiyezoea atamshika vidole na kuvibana kwenye nyuzi kwa nguvu, mtoto anakuwa kama mdoli. Anayejua humwambia, weka mkono wako juu ya mkono wangu. Anapiga polepole, mtoto anasikia kwa kiganja chake mwendo ulivyo, kisha anajaribu mwenyewe. Vyombo vyake viwe na mahali pamoja ndani ya nyumba na mtu asivihamishe, hata wageni.

Kuhusu aanze na chombo gani: usikimbilie kinanda cha umeme. Mnakaa kwenye ziwa lenye utajiri. Ng'ambo ya Ukerewe na Bukoba kuna nanga, gogo lililochongwa kama mtumbwi mdogo na kupitishiwa nyuzi, chombo cha masimulizi ya mashujaa. Wakurya wa Mara wana litungu la nyuzi nane. Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo ningependa kijana wako aiguse kabla ya yote: mpigaji anakaa kwenye kigoda, mikono kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, njuga mguuni, na juu ya hayo anaimba. Mtu mmoja ana bendi nzima, na hakuna kati ya hayo linalohitaji macho. Kwa mtoto ambaye tayari anachanganya ngoma, filimbi na nyuzi, ni kama kurudishwa kwao.

Na kwenye simu ile ile ya mjomba, mtafutieni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Anaimba Kiswahili. Anapiga gitaa moja kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba kikishika besi na shahada kikiimba juu. Doc naye, alipoweka pembeni kile kipande cha plastiki, alipiga kwa gumba na shahada, mtindo aliojifunza kwa kumsikiliza Merle Travis, yule ambaye Doc alimwita mwanawe kwa jina lake. Watu hawa walitenganishwa na bahari, na vidole ni vile vile viwili. Kijana mwenye gitaa la galoni anaweza kuanza leo jioni.

Mwezi Juni hivi, mavuno yakiisha, mpeleke Bujora, Kisesa, msimu wa ngoma za Wasukuma. Msikae mbali. Akae karibu na ngoma kubwa, aisikie kifuani, na umsimulie kwa maneno nani anafanya nini, Wagika wapi na Wagalu wapi, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Yale mashindano yanamfundisha mtoto jambo ambalo mimi darasani siwezi: kwamba hadhira ina haki ya kuondoka kwako na kwenda upande wa pili ukipiga vibaya.

Shule asiache. Muziki atajifunza kwa sikio, lakini mikataba haisikiki. Kama hajaanza nukta nundu, ulizia shule ya msingi Mitindo, Misungwi, wanapokea watoto wasioona. Na siku atakapotunga wimbo wake na mtu wa studio akasema aje arekodi bure, kwanza aandikishe wimbo kwa jina lake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na karatasi yoyote isomwe kwa sauti na watu wenu wawili, si na mwenye studio, kabla hajaweka kidole gumba. Nimeona wanaoona wakiibiwa mchana kweupe, sembuse huyu.

Mwisho nyuzi. Mshipi wa kuvulia si aibu, wapiga nyatiti wengi wanautumia. Kinachokosewa ni unene. Mnafunga mshipi mmoja kwa nyuzi zote, halafu mnaukaza kupita kiasi ili ulie juu. Nenda duka la zana za uvuvi, omba mshipi wa milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza, 0.8 kwa wa pili na 1 kwa wa tatu. Zile tatu za besi haziwezekani kwa mshipi, nunua zilizozungushiwa waya, moja moja. Kisha pitisha kidole pale uzi unapovukia ukingo wa galoni. Nina hakika utakuta bati lina makali, na ndilo linalokata. Lisugue kwa msasa, weka kijiti cha mti mgumu hapo chini ya uzi.

Ukishampa mshipi, msasa na kijiti, mwache afunge mwenyewe. Siku ya kwanza atakaa nayo mpaka giza, fundo litateleza, atakuita. Mwambie fundo lile la ndoana, analijua. Wewe endelea kuanua dagaa.